Mama Mkwe Alipouvisha Mtambo

Juzi mjukuu wangu Mwanaidi alinichukua kwenda kuona kazi yake. Anasimamia chumba cha seva hapa Tanga, na vijana wapya aliopewa walikuwa wanalalamika kwamba kompyuta zinajizima zenyewe mchana. Nikavaa kofia yangu ya viua, nikaenda. Mlangoni nikapigwa na baridi mpaka meno yakagongana. Kijana mmoja akaniamkia, "Shikamoo babu," kisha akanionyesha kipimo ukutani. "Humu mna nyuzi kumi na nane tu, babu. Kwa hiyo si joto. Ni umeme."

Nikamuuliza hizo kumi na nane zimepimwa wapi.

"Hapa hapa mlangoni."

Basi nikacheka. Nilicheka mpaka Mwanaidi akaniletea kiti, kisha maji, na wale vijana wakaanza kutazamana, wanawaza hospitali iko umbali gani. Mwanaidi mwenyewe alikuwa anajua kila kitu. Alishawaambia wasirundike maboksi matupu nyuma ya raki zinazobeba kompyuta, kwenye matundu ya kutolea hewa, wakamwona ni dada mwenye kelele. Kwa hiyo alinileta mimi makusudi, nije niwacheke. Nikamwambia kijana mmoja apitishe mkono nyuma ya raki, juu kabisa, akaurudisha mbio kwa joto. Maboksi yakaondolewa siku hiyo hiyo, na mimi nikaombwa niandike kisa kilichonichekesha.

Haya, nawaandikieni. Mkiona nimetia chumvi, mkumbuke nimeishi kando ya bahari maisha yangu yote.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, kwenye chumba cha mitambo ya simu za mbali. Kompyuta hazikuwapo kwetu, lakini raki zilikuwapo: mihimili ya chuma mirefu kuliko mtu, vyombo vimepachikwa ngazi kwa ngazi. Mahali pa prosesa, ile akili ya kompyuta zenu, tulikuwa na vali, yaani taa za kioo zenye waya mwekundu ndani. Mtu akizungumza Mombasa, sauti yake hufika kwetu imechoka, na vali ndizo zinazoipa nguvu iendelee. Kila vali ilikuwa jiko dogo, na sisi tulikuwa nazo chumba kizima.

Prosesa zenu ni majiko vile vile. Mwanaidi ananiambia nyingi hushinda kwenye nyuzi sitini au sabini zikiwa kazini, wala hazinuni. Zikivuka tisini huanza kujipunguzia kasi, na zikifika kikomo alichoweka mtengenezaji, hujizima. Kila aina ina kikomo chake, kwa hiyo kitafuteni kabla hamjaanza kubishana. Vali haikuwa na adabu hiyo ya kujizima. Ilikuwa inanywea pole pole, sauti inafifia, kisha inakufa, na mtu wa Mombasa anatutukana sisi.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Elia Shekiondo, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, mtu mrefu mwenye uso mkavu ambao hukuweza kuujua kama unatania. Ijumaa alinishikia zamu niende msikitini, Jumapili nikamshikia yeye aende kanisani. Somo lake la kwanza lilikuwa fupi. "Usiniulize chumba kina joto gani," alisema. "Niulize hewa inaingilia wapi, inatokea wapi, na njiani imekutana na nani."

Alinifundisha kupima kwa mgongo wa kiganja, kwanza chini ya raki, kisha juu, maana joto hupanda na chombo cha juu ndicho kinachokula moshi wa wenzake wote. Alinifundisha kufunga waya pembeni zisizibe njia ya hewa. Alinifundisha pia kusafisha matundu kwa nyoya la kuku. Tanga ile ilikuwa Tanga ya mkonge, na nyuzi laini za mkonge zilielea hewani kutoka kwenye maghala, zikajisokota kwenye kila tundu. Ikipita wiki bila kusafisha, raki inaota ndevu. Ninyi mna feni zinazovuta hewa kwa nguvu, kwa hiyo na vumbi mnalivuta kwa nguvu. Msijidanganye kwamba feni inayonguruma ni feni inayopoza.

Lakini msidhani fundi wangu alikuwa malaika. Kabla ya kuhamishiwa kwetu alifanya kazi Dodoma, na huko walikuwa na ujanja wa kutundika gunia bichi dirishani. Upepo ukipita kwenye gunia, maji yanakauka, na hewa inaingia imepoa. Dodoma ni kukavu, jambo lenyewe linafanya kazi vizuri. Bwana Shekiondo akalileta Tanga. Tanga, ambako ukianika shati asubuhi, jioni linakuuliza una haraka gani! Tukalowesha magunia, tukatundika. Gunia halikukauka hata kidogo. Hewa ikawa nzito, imelowa, ina chumvi, maji yakatanda kwenye viungo vya waya, na mazungumzo ya watu yakaanza kuvujiana.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa anaagiza mabati kutoka Mombasa. Katikati ya hesabu ya mabati ikaingia sauti ya mama mmoja wa Muheza aliyekuwa anamkaripia mumewe kwenye laini nyingine: "Na huyo mwanamke wako wa Pongwe, unadhani sijamjua?" Mfanyabiashara akasahau mabati. Mwenye mabati akawa anaita, "Haloo! Haloo!" Tukachungulia ukumbini, wateja walikopigia simu, tukamwona anaweka simu chini kwa mikono miwili, anavaa viatu vyake vizuri, anatoka nje bila kuaga mtu. Hatukumwona tena mwezi ule.

Nilicheka siku nzima. Nilicheka nikifagia, nikacheka nikila. Bwana Shekiondo akayateremsha magunia, akayakunja, akaniambia taratibu, "Cheka, Bakari. Nimekuona." Mimi nikadhani yameisha.

Hapo tena niwataje wakubwa. Mkubwa wetu alikuwa Mzungu aliyechukia jasho, na chumba chetu kilikuwa kiwanda cha jasho. Akatundika kipimajoto mlangoni, kando ya dirisha, ili akisome bila kuingia. Akipita anakitazama, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anakwenda zake. Tulikuwa tunakibeza kile kidude. Lakini kitu kikikaa mbele ya macho yako kila siku, mwishowe unakiamini. Hata Bwana Shekiondo nilishamkuta akikitupia jicho, naye akijifanya anatazama nje.

Sasa nije kwa Zena, bibi yake Mwanaidi. Zena alikuwa binti wa Ngamiani, nyumba ya pili kutoka kwa shangazi yangu, na mimi nilikuwa nimempenda kiasi cha kumtembelea shangazi mara nyingi kuliko alivyotaka kutembelewa. Baba yake alikuwa amefariki. Walii wake alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Nasoro, mfanyabiashara aliyehamia Mombasa, na bila neno lake hakuna ndoa. Kibaya zaidi, Mzee Nasoro alikuwa na mtu wake tayari, mwenye duka la vitambaa huko huko Mombasa.

Mshenga wangu akapanda basi, akapita Horohoro, akafika Mombasa, akarudi na uso mrefu. "Mzee anasema hajapata kusikia mtu anaoa kwa kazi ya kulinda waya," akaniambia. "Anasema Ijumaa, watu wakitoka msikitini, atapiga simu azungumze na shemeji yake, mama yake Zena. Mazungumzo yakipita sawasawa, atakufikiria. Yakikatika au yakififia, basi kazi yako haina maana, na Zena ataolewa Mombasa."

Fikirieni wenyewe. Saa nane za mchana, mwezi wa joto, ofisi zote zinapiga simu kwa pamoja, na maisha yangu yote yanapita ndani ya zile vali. Wiki nzima nilisafisha kila tundu. Nilibadilisha manyoya mpaka kuku wa shangazi wakaanza kunikimbia. Alhamisi raki zilikuwa zinapumua vizuri ajabu.

Ijumaa, kabla hata ya adhana, Bi. Salama mwenyewe akabisha hodi. Huyo ndiye mama yake Zena: mfupi, mwepesi, mdarizi anayejulikana Ngamiani nzima. Mkononi kipepeo cha ukindu cha kujipepea, kwapani furushi. Wageni hawakuruhusiwa kuingia chumba cha mitambo, lakini yeye hakuwahi kujiona mgeni popote.

"Ndo hawa?" akauliza, akizitazama raki.

"Ndio hawa, mama," nikajibu nikitazama sakafu, maana kwetu mkwe hakodolewi macho, sembuse mkwe ambaye bado hajakubali kuwa mkwe.

"Yarabi! Zena kanambia, n'kadhani atania. Wako utupu! Na shemeji yangu apite humu humu kuja kusema na mimi? Apite kwenye utupu?"

Hapo inabidi muelewe nyumba za Ngamiani. Redio haikai uchi. Ina kitambaa chake cha kudarizi, kina maua, kimepigwa pasi, kinazuia vumbi na macho ya watu. Nyumba ambayo redio yake haina kitambaa, watu wanauliza kuna mwanamke kweli mle ndani. Bi. Salama alikuwa ameona aibu kwa niaba yangu, akakaa akadarizi. Akafungua furushi: vitambaa vyeupe, maua mekundu, majani ya kijani, kazi safi isiyo mfano. Akazivisha raki zote, akafunga kamba nyuma, akavuta huku na huku, hakuacha hata upenyo wa sindano. Kisha akarudi hatua moja, akazitazama, macho yakamlengalenga kwa furaha.

Nikamsogelea Bwana Shekiondo. "Mwambie," nikamnong'oneza.

"Mwambie wewe."

"Siwezi. Ni mkwe. Nikivua kitambaa chake leo, simu ya Mombasa haina kazi tena."

Akanitazama na ule uso wake mkavu. "Mimi nitasema nini, Bakari? Mimi si mtu wa magunia tu?"

Hapo ndipo nilipojua hayakuwa yameisha. Adhana ikaadhiniwa. "Nenda ukasali," akasema. "Acha nifurahi kidogo. Nitaangalia joto, likipanda nitapata la kusema." Nikaenda. Nilivyosali siku hiyo, Mungu anisamehe, kila rakaa nilikuwa naona maua mekundu.

Na kweli aliliangalia joto. Aliliangalia kwenye kipimajoto cha mlangoni. Bi. Salama alikuwa ameweka kiti pale pale mlangoni kulinda vitambaa vyake, dirisha liko wazi kando yake, anajipepea, na kipimajoto kiko juu ya kichwa chake kinapata upepo wa bure. Kikawa kinasema mambo ni mazuri. Bwana Shekiondo akakiamini, akaketi, akafurahi kama alivyoahidi. Ndani ya vitambaa vali zilikuwa zinapikana.

Niliporudi harufu ilinipokea mlangoni, ile harufu ya vumbi linaloanza kuungua. Nikapeleka kiganja juu ya raki ya Mombasa, juu ya ua moja zuri sana, nikakiondoa haraka. Bwana Shekiondo akaona uso wangu, akainuka. Naye akagusa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, uso wake ukabadilika. Na simu ikalia.

Bi. Salama akapewa mkono wa simu uliokuwa kwenye raki, ule wa kujaribia laini. Mwanzoni ikawa vizuri. Wakaulizana hali, wakaulizana watoto, wakafika kwa mbuzi wa nyumbani. Halafu sauti ya Mzee Nasoro ikaanza kunywea.

"Shemeji, mbona wanong'oneza?" Bi. Salama akapaza sauti. "Sema baba! Sema!" Akanigeukia. "Ananuna? N'mesema nini?"

Nilimwona Zena yuko Mombasa nyuma ya kaunta ya vitambaa. Nilitaka kuzirarua zile kamba, na nilijua kwamba nikifanya hivyo nampoteza kwa mama, na nisipofanya nampoteza kwa baba mkubwa. Nilikuwa karibu kulia, na siwafichi.

Bwana Shekiondo akapiga hatua mbele, akainamisha kichwa kwa adabu. "Mama, nauliza, mimi mtu wa milimani sijui mila za pwani. Bi harusi wenu akishafunikwa ushungi, hukaa hivyo hivyo mpaka lini?"

"Mpaka afunuliwe! Kwani huko kwenu hufunikwa milele?"

"Basi na hawa wetu umewavisha, wamependeza, na shemeji yako amefika. Nani atawafunua, zaidi ya aliyewavisha?"

Bi. Salama akamtazama, akatazama raki, na nikaona wazo linamwingia na kumkaa vizuri. "Shika!" akaniambia, akanitwika mkono wa simu. Akafungua kamba moja moja, akavuta kitambaa cha kwanza kwa madaha, na akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi Tongoni. Kitambaa cha pili, kigelegele. Joto likatoka likatupiga usoni. Akaweka mkono juu ya raki, akashtuka. "Maskini, ana homa!" Akanyakua kipepeo chake, akaanza kuupepea mtambo kwa nguvu zote. Bwana Shekiondo akachukua kipande cha ubao, naye akapepea upande wa pili.

Vali zikaanza kupata pumzi. Sauti ikarudi pole pole, na kitu cha kwanza ambacho Mzee Nasoro alikisikia vizuri kutoka Tanga kilikuwa kigelegele cha tatu.

"Nini hicho?" akanguruma sikioni mwangu. "Mnaozesha bila mimi?"

"Hapana, baba."

"Wewe nani?"

"Bakari, baba. Wa waya."

"Na vigelegele ni vya nini?"

Nilitafuta uongo. Wallahi nilitafuta, sikuuona popote. "Tunapoza mtambo, baba."

"Mnapoza mtambo kwa vigelegele?"

"Ndiyo, baba. Na kwa kipepeo."

Nikasikia pumzi zake, safi, kana kwamba amesimama nyuma yangu. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na kila kikohozi kilifika kizima kutoka Mombasa bila kupungua. "Nipe shemeji," akasema.

Sikusikia walichozungumza baada ya hapo, ila Bi. Salama alinisimulia baadaye. Mzee Nasoro alisema mtu wake wa vitambaa angeweza kumtungia uongo mzuri ajabu, lakini huyu wa waya hata uongo wa kujiokoa hana. Akasema, "Mpeni Zena." Bwana Shekiondo alikuwa bado anapepea, jasho linamtiririka, hakutaka kunitazama. Kesho yake asubuhi nikakikuta kipimajoto kimeng'olewa mlangoni, kimefungwa juu ya raki, mahali joto linapotokea. Mkubwa wetu ilimbidi aingie ndani na kutoka jasho kama watu wengine.

Na Bi. Salama? Wiki ya harusi alileta vitambaa vipya. Juu ameacha wazi, chini ameacha wazi, na katikati amesuka kwa sindano wavu mtupu wenye matundu makubwa. "Huyu n'memtia na pua," akasema. Mpaka ninastaafu, kila nikimwamkia, alikuwa anaulizia mtambo kwanza, mimi baadaye.

Nilimpenda yule mama, na nilikuja kujua kiasi gani miaka mingi baadaye, aliposhikwa na homa. Nilifika Ngamiani nikakuta nyumba imejaa. Madirisha yamefungwa kwa upendo. Mabinti, majirani, wajukuu wote ndani ya chumba kimoja, na yeye kitandani, blanketi juu ya blanketi. Daktari alikuwa amekuja, ametoa dawa, ameondoka. Mama wa watu alikuwa amenywea. Akafungua macho, akaniona mlangoni.

"Muulizeni mkwe wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa inakuja na kupotea. "Joto hili litokee wapi?"

Niliogopa kuliko Ijumaa ile. Nikafungua madirisha yote mawili. Nikawatoa watu ukumbini, wengine wakanung'unika. Nikamwambia Zena aondoe mablanketi, abakishe kanga moja. Kisha nikachukua kipepeo, nikakaa mbali kidogo kama inavyompasa mkwe, nikapepea. Alasiri yote nikapepea, nikitazama sakafu, na machozi yakadondoka hapo hapo sakafuni. Zena alisimama pembeni akinitazama.

Kuelekea magharibi dawa ikafanya kazi yake. Bi. Salama akavuta pumzi ndefu, akajigusa, akageuza kichwa.

"Bakari! Mkwe mzima, waniacha utupu mbele za watu? Nipigieni simu Mombasa, ndoa hii imevunjika!"

Sauti yake, vijana wangu, ilifika safi kabisa.